Ndege Inapoingia Wingu la Masisi

Leo nataka tuzungumze habari za ndege ndogo. Siasa ya ndege na bei ya tiketi tuviache kando kwa leo. Nataka tutazame vipimo vitatu vilivyo mbele ya rubani, vile vinavyofanya kazi kwa kitu kiitwacho jiroskopu, tuone vinaishije, vinaugua vipi, na fundi anavitibu namna gani.

Najua kuna mzee ameshatikisa kichwa. Sisi watu wa Kirolirwe, huku Masisi, mashariki mwa Kongo, tunajulikana kwa ng'ombe, maziwa na jibini, mambo ya rubani yanatuhusu nini? Yanatuhusu, mzee wangu. Barabara ya kutoka Masisi kwenda Walikale mnaijua: mvua ikinyesha siku mbili, lori linalala kwenye matope wiki nzima. Kwa sababu hiyo Walikale imeishi miaka mingi kwa ndege. Wengi wenu mnakumbuka Kilambo, pale ambapo ndege zilitua juu ya lami ya barabara yenyewe, askari wakisimamisha magari na watu wa miguu mpaka ndege ipite. Zilileta mchele, sabuni na bia kutoka Goma, zikarudi na magunia ya madini ya kasiterite kutoka Bisie. Mgonjwa mahututi, chanjo, mwalimu anayefuata mshahara, wote wamepanda ndege hizo. Na kati ya Goma na Walikale kuna nini? Kuna milima ya Masisi, inayopita mita 2,000, na juu yake kuna mawingu ambayo saa nane za mchana hukaa kana kwamba yamelipa kodi.

Basi tuanzie hapo kwenye wingu.

Rubani akiwa nje ya wingu, anaona mstari ambapo mbingu na nchi vinakutana, na kwa mstari huo anajua kama ndege yake imelala au imenyooka. Akiingia wingu, mstari unapotea. Hapo mtu hudhani mwili wake utamwambia ukweli. Hautamwambia. Ndani ya sikio kuna mirija midogo yenye majimaji, na majimaji hayo ndiyo yanayotuambia tunageuka. Lakini ndege ikigeuka polepole na bila kubadilika, baada ya sekunde 20 hivi majimaji yanatulia, na mwili unasema: tumenyooka. Kumbe ndege imelala ubavu na inashuka. Rubani akijaribu kuinyoosha, mwili unapiga kelele kwamba sasa ndiyo inalala, naye anairudisha kule kule kubaya.

Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kiliwapima marubani 20 ambao hawakuwa wamefunzwa kuruka kwa vipimo. Waliwekwa katika hali kama ya kuwa ndani ya wingu. Wote 20 walipoteza udhibiti wa ndege. Wastani wa muda wao ulikuwa sekunde 178. Yaani dakika tatu hazikutimia.

Dawa ya ugonjwa huo ilipatikana kabla ya hapo. Tarehe 24 Septemba 1929, huko New York, rubani wa jeshi James Doolittle aliruka, akazunguka na kutua akiwa amefunikwa kabisa asione nje, akiongozwa na redio na vipimo. Miongoni mwa vipimo hivyo kulikuwa na viwili vya jiroskopu vilivyotengenezwa na kampuni ya Sperry. Ndege ndogo nyingi zinazoruka leo, kama Cessna 206, bado zina wajukuu wa vipimo vile vile.

Jiroskopu ni nini? Vijana, chukueni gurudumu la mbele la baiskeli, mlifungue. Mmoja ashike ekseli kwa mikono miwili, mwenzake alizungushe kwa nguvu zote. Sasa aliyelishika ajaribu kuliinamisha. Ataona mambo mawili. La kwanza, gurudumu linakataa: linataka kubaki lilivyo. La pili linashangaza zaidi: ukilisukuma hapa, haliitiki hapa, linaitikia robo duara mbele, upande ambao hukuusukuma. Hayo mawili, ukaidi na kuitikia pembeni, ndiyo siri yote. Ndani ya kipimo cha ndege kuna gurudumu dogo la chuma linalozunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika. Ndege ikilala, gurudumu linabaki lilivyo, na tofauti kati ya ndege na gurudumu ndiyo anayoiona rubani.

Vipimo vyenyewe ni vitatu. Cha kwanza ni upeo wa bandia. Hiki kinamchorea rubani mbingu ya buluu, nchi ya kahawia, na mstari katikati. Cha pili ni dira ya jiroskopu, inayomwonyesha anaelekea wapi bila kuyumba kama inavyoyumba dira ya sumaku ndege inapotikiswa au kugeuka. Cha tatu ni kipimo cha mgeuko, kinachosema ndege inageuka kwa kasi gani na kwenda upande upi. Katika ndege ndogo nyingi, viwili vya kwanza huzungushwa na hewa, na cha tatu huzungushwa na umeme. Waliofanya hivyo walikusudia: hewa ikikatika, umeme ubaki, na umeme ukikatika, hewa ibaki. Rubani asipofuke macho yote mawili kwa siku moja.

Sasa sikilizeni vizuri habari ya hewa, kwa sababu magonjwa mengi yanatoka hapo.

Kwenye injini kuna pampu inayovuta hewa. Inaivuta kutoka ndani ya sanduku la kipimo. Hewa ya kujaza nafasi hiyo inatoka wapi? Inatoka humo humo ndani ya ndege, mahali abiria wanapokaa. Inapita kwenye chujio, inaingia kwa tundu jembamba, inapiga meno madogo yaliyochongwa ukingoni mwa gurudumu, na gurudumu linazunguka. Kwa hiyo kipimo kinapumua kile unachopumua wewe abiria. Ukivuta sigara, kinavuta nawe. Ukipakia gunia la unga wa muhogo lenye tundu, kinapumua unga. Vumbi la kasiterite, vumbi la makala, vumbi la udongo wa Masisi unaoingia na viatu vya abiria, majivu yanayoanguka Goma volkano za Nyiragongo na Nyamulagira zinapofuka moshi: yote yanafuata mlango huo mmoja.

Chujio ndilo linalosimama mlangoni. Vitabu vya matengenezo huagiza libadilishwe kila baada ya saa kadhaa za kuruka au kila ukaguzi wa mwaka, na vingi hutaja saa 500 kwa chujio kubwa. Lakini vitabu hivyo viliandikwa na watu wanaoruka kutoka lami hadi lami. Fundi mwenye akili, akifanya kazi kwenye viwanja vya udongo na mizigo ya magunia, halisubiri chujio litimize saa hizo. Analitoa, analitazama, na likiwa jeusi kama kitambaa cha jikoni analitupa. Chujio ni rahisi kuliko kipimo, na kipimo ni rahisi kuliko ndege. Lisioshwe kwa petroli likarudishwa. Likichoka limechoka.

Pampu nayo ina tabia zake. Za zamani zililainishwa na mafuta ya injini. Zilichafua tumbo la ndege kwa mafuta, lakini zilidumu. Ndege nyingi za baadaye zilipewa pampu kavu, isiyo na mafuta. Ndani yake kuna vibao vyembamba vya kaboni vinavyoteleza na kujilainisha kwa unga wao wenyewe. Vinapungua taratibu, na siku moja kimoja kinavunjika, pampu inakwama, na kiungo cha plastiki kinachoiunganisha na injini kinakatika. Kiungo hicho kimewekwa dhaifu makusudi, ili pampu ikikwama isiharibu injini. Hakuna mlio, hakuna moshi. Injini inaendelea kunguruma kama kawaida, rubani hajui lolote.

Kuna mambo matatu yanayoua pampu kavu kabla ya wakati wake. La kwanza ni mafuta: sili ya injini ikivuja pale pampu ilipofungwa, mafuta yanaingia, yanachanganyika na unga wa kaboni na kuwa tope. La pili ni kuosha injini kwa dawa au mafuta ya taa bila kuifunika pampu. Kijana wa kuosha anapongezwa kwa injini inayong'aa, na wiki mbili baadaye pampu imekufa. La tatu ni mpira uliozeeka, unaopasuka au kujikunja, ukailazimisha pampu ifanye kazi zaidi ya uwezo wake. Tena kumbukeni kwamba huku kwetu juu hewa ni nyepesi. Goma yenyewe iko mita kama 1,500 juu ya bahari. Pampu inayotosha pwani huku inahangaika.

Na pampu ikishavunjika, kazi ya fundi haiishii kufunga mpya. Vipande vya kaboni vimebaki ndani ya mipira. Asipoisafisha, pampu mpya itavila na kufa kwa ugonjwa wa mwenzake. Anaposafisha, lazima kwanza aichomoe mipira kwenye vipimo. Akipuliza hewa ya kompresa huku vipimo vimeunganishwa, magurudumu yale madogo yatazungushwa kwa nguvu isiyo yao, beringi zitaharibika papo hapo, na sasa badala ya kununua pampu moja atanunua pampu na vipimo viwili.

Tuje kwenye geji. Mbele ya rubani kuna saa ndogo inayoonyesha nguvu ya kuvuta hewa. Katika ndege nyingi inatakiwa isome kati ya 4.5 na 5.5 kwa inchi za zebaki, injini ikiwa kwenye mwendo wa safari. Mwendo wa chini uwanjani ikisoma pungufu si ajabu. Kuna pia vali ya kudhibiti, inayoruhusu hewa ya ziada iingie ili nguvu isizidi, nayo ina sponji yake ndogo ya kuchuja. Kwenye vali hiyo kuna skrubu ya kurekebisha, na skrubu hiyo ndiyo mtihani wa fundi.

Sikilizeni kinachotokea. Rubani analalamika: geji iko chini, inasoma 4. Fundi mvivu anachukua bisibisi, anageuza skrubu, geji inapanda hadi 5, anaandika kwenye daftari la ndege kwamba tatizo limekwisha, anakwenda kula. Amefanya nini? Amenyamazisha mgonjwa. Chanzo kinaweza kuwa mpira uliopasuka, pampu iliyochoka, au geji yenyewe inayodanganya. Kama geji ndiyo iliyokuwa ikisoma chini ya ukweli, sasa nguvu halisi imepita kiasi, magurudumu yanazunguka kupita kipimo chake, na beringi zinaliwa siku kwa siku. Kama ni pampu inayokufa, amemficha rubani dalili ya mwisho aliyokuwa nayo. Wazee walisema mficha maradhi kifo humwumbua, na hapa watakaoumbuliwa ni watu waliokaa nyuma ya rubani.

Fundi mzuri hufuata mpangilio. Anajiuliza kwanza: ni kipimo kimoja kinachoumwa au vyote viwili vya hewa? Kama upeo wa bandia na dira ya jiroskopu vyote vimelegea, ugonjwa uko kwenye hewa vinayoshiriki pamoja: pampu, mpira mkubwa, vali, chujio. Kama kimoja ni kizima na kingine kinaumwa, basi ugonjwa uko kwenye kile kimoja au kwenye mpira wake, pengine umebanwa nyuma ya dashibodi na mtu aliyekuwa akifunga redio. Geji ikisoma juu kuliko kawaida, atazame sponji ya vali: ikiziba, hewa ya ziada haiingii na nguvu inapanda. Geji ikisoma sawa lakini vipimo vyote ni vizito kuamka, asiiamini geji. Kwa namna mabomba yalivyofungwa katika ndege nyingine, chujio kubwa linaweza kuziba huku geji ikiendelea kuonyesha namba nzuri. Na kabla ya kugusa skrubu yoyote, alete geji nyingine iliyopimwa, alinganishe.

Kwa kile cha tatu, cha umeme, njia ni nyingine: betri, alteneta, fyuzi, waya. Vingi vya aina hii vina kibendera chekundu kinachotokea umeme unapokosekana. Kibendera hicho ni baraka, kwa sababu vile vya hewa katika ndege nyingi za zamani havina. Vikikata roho havisemi.

Havisemi, na havifi ghafla. Pampu ikisimama, gurudumu la upeo wa bandia haliachi kuzunguka mara moja. Linaendelea kwa dakika kadhaa, likipungua, na kadiri linavyopungua ndivyo linavyoanza kulala. Mstari ule kwenye kioo unainama kidogo, kidogo sana. Rubani anauona umeinama, anadhani ndege ndiyo iliyoinama, anaigeuza ndege ili mstari unyooke. Mstari unainama tena, anageuza tena. Mkono wake mwenyewe ndio unaoilaza ndege.

Mwaka 2000, mwezi wa Oktoba, gavana wa jimbo la Missouri huko Marekani, Mel Carnahan, alikufa katika ndege ndogo aina ya Cessna 335 iliyokuwa ikiendeshwa na mwanawe, usiku, katika hali mbaya ya hewa. Wachunguzi walisema rubani alipoteza mwelekeo, na miongoni mwa yaliyochangia walitaja upeo wa bandia wa upande wake uliokufa. Upande wa pili kulikuwa na kipimo kingine kama hicho. Lakini kukitazama cha pili kulimtaka rubani ageuze kichwa, na kugeuza kichwa ndani ya wingu kunayachafua zaidi yale majimaji ya sikioni.

Ndiyo maana marubani hufundishwa jambo dogo ambalo mtu anaweza kulicheka: kipimo kikishajulikana kimekufa, kifunike. Kipande cha karatasi kinatosha. Jicho likiendelea kukiona litakiamini tu. Kisha rubani anaruka kwa vilivyobaki: kipimo cha mgeuko, cha mwendo, cha urefu, na dira ya sumaku.

Kuna hatari nyingine, nayo ni ya kwetu zaidi. Anga la mashariki mwa Kongo limeona ndege za shule mbili: Cessna za Marekani, na Antonov za Kisovyeti. Katika upeo wa bandia wa Kimarekani, kialama cha ndege hakitikisiki na mstari wa upeo ndio unaolala. Katika ndege nyingi za Kisovyeti, ndege ikilala ubavu, mstari unabaki ulivyo na kialama cha ndege ndicho kinacholala. Vyote viwili vinasema kweli, kila kimoja kwa lugha yake. Rubani aliyekulia kwa kimoja, akitishika ndani ya wingu, anaweza kukisoma kingine kinyume. Tarehe 14 Septemba 2008, Boeing 737 ya shirika la Urusi ilianguka Perm na kuua watu wote 88. Wachunguzi walieleza kwamba marubani walikuwa wamezoea kipimo cha aina ya Kisovyeti na hawakuwa wamepata mafunzo ya kutosha kwa kile kingine. Kwa hiyo fundi anayetaka kubadilisha kipimo kilichokufa kwa chochote kilicho dukani aulize kwanza: anayekitazama amezoea lugha gani?

Sasa nije kwenye jambo linalohusu hapa tulipo, Kirolirwe, karibu na mstari wa ikweta.

Mfaransa aliyeipa jiroskopu jina lake, Léon Foucault, mwaka 1852, aliitumia kuonyesha kwamba dunia inazunguka. Gurudumu linabaki lilivyo, dunia inageuka chini yake. Dunia hugeuka nyuzi 15 kwa saa. Kwa sababu hiyo dira ya jiroskopu, hata ikiwa nzima kabisa, huonekana ikihama taratibu kadiri dunia inavyozunguka chini yake. Lakini kuhama huko si sawa kila mahali. Kwenye ncha ya dunia ni nyuzi zote 15 kwa saa. London ni karibu nyuzi 12. Ukishuka kuelekea ikweta kunapungua mpaka sufuri. Sisi huku tuko kama nyuzi moja na theluthi kusini ya ikweta, na hesabu inatoa theluthi moja tu ya nyuzi kwa saa. Hiyo ni ndogo kiasi kwamba rubani hawezi kuiona.

Maana yake nini? Fundi wa Ulaya akiambiwa dira imehama, ana haki ya kusema sehemu fulani ni kazi ya dunia. Fundi wa Goma, wa Bunia, au wa Nairobi hana kisingizio hicho. Rubani huilinganisha dira ya jiroskopu na ya sumaku kila dakika 15 hivi, ndege ikiwa imenyooka na haitikisiki. Kipimo kinachokubalika kwa wengi ni kuhama kusikozidi nyuzi 3 katika dakika hizo 15. Ikipita hapo, huku kwetu, usitafute sababu mbali. Ni beringi zilizochoka, ni uchafu, ni hewa haba, au ni rubani aliyeiweka vibaya tangu mwanzo.

Kuna sababu moja zaidi ambayo wengi huisahau. Baadhi ya dira hizi zina nati ndogo ndani, iliyowekwa na kiwanda au karakana ili kufuta ule mhamo wa dunia wa mahali pale. Nati iliyopangwa kwa ajili ya Ulaya ikiletwa ikweta, inafuta mhamo ambao haupo, na hivyo inauzalisha yenyewe. Dira mpya, beringi safi, hewa ya kutosha, na bado inahama kwa kiasi kile kile kila saa, upande ule ule kila siku. Fundi akiona mhamo wa namna hiyo, asiilaumu pampu. Aiulize karakana iliyokitengeneza kipimo: mmekipanga kwa latitudo ya wapi?

Nasema karakana kwa sababu fundi wa uwanjani haruhusiwi kulifungua sanduku la jiroskopu, na asijaribu. Ndani kuna beringi ndogo ambazo chembe moja ya vumbi inatosha kuziua. Kipimo kinatolewa, kinapelekwa kwenye karakana yenye kibali na chumba safi. Njiani ndipo vingi vinapouawa mara ya pili. Kipimo kilichofungwa kwenye kitambaa na kuwekwa nyuma ya pikipiki kutoka Sake hadi Goma kitafika kikiwa kimekufa, hata kama kilitoka kizima. Kiwekwe kwenye sanduku lake lenye sponji, na kisibebwe kikiwa bado kinazunguka.

Fundi ana njia nyingine ya kukijua kipimo kabla hakijafa, nayo haigharimu hata faranga moja: masikio. Rubani akizima injini, watu wasifungue milango kwa kishindo. Fundi asikilize. Gurudumu zima hushuka polepole, kwa sauti laini, kwa dakika kadhaa. Likisimama upesi, au likikwaruza na kulia, beringi zake zinaomba likizo. Na asubuhi, kabla ya kuruka, kuna mtihani mwingine. Baada ya injini kuwaka, vipimo vinahitaji dakika kama tano kuamka. Ndege ikitembea ardhini na kugeuka kushoto, dira ifuate, kipimo cha mgeuko kionyeshe kushoto na kimpira chake kikimbilie kulia, na upeo wa bandia ubaki umenyooka au ulale kidogo tu, usizidi nyuzi 5. Kama hauamki au unalala zaidi, safari ya mawinguni haipo.

Mtu ataniambia: hizo ni habari za zamani, siku hizi kuna skrini. Ni kweli. Cessna Caravan hutoka kiwandani na skrini tangu mwaka 2008, na vipo vipimo vidogo vya elektroniki ambavyo havina gurudumu wala pampu. Vinasaidia sana, na mwenye pesa avinunue. Lakini ndege nyingi ndogo bado zina magurudumu yale yale. Na skrini nayo ina maradhi yake, maana inakula umeme, na umeme mbovu ni mbovu kwa wote.

Tena kuna ndege zilizokaa. Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipofika Goma, uwanja ulifungwa kwa safari za kawaida. Ndege inayokaa miezi haipumziki. Unyevu unaingia kwenye beringi, mipira inakauka na kupasuka, nyigu wanajenga kwenye mirija iliyoachwa wazi. Ndege ya namna hiyo, siku itakaporudi angani, safari yake ya kwanza iwe juu ya uwanja, jua likiwaka, milima ikionekana yote. Wingu lisubiri.

Milima haisamehe. Tarehe 1 Septemba 2008 ndege aina ya Beechcraft 1900, iliyowabeba wafanyakazi wa misaada, iligonga mlima karibu na Bukavu katika hali mbaya ya hewa, na watu wote 17 walikufa. Sisemi ilikuwa kosa la jiroskopu. Nasema hivyo ndivyo wingu na mlima vinavyofanya vikikutana, na rubani anayeingia humo anastahili kuwa na vipimo vinavyosema kweli.

Na sisi abiria tuna sehemu yetu, ndugu zangu. Ndege inapowashwa na kusimama dakika tano bila kuondoka, usipige kelele kwamba rubani anapoteza wakati: magurudumu yanaamka. Ukiambiwa safari imeahirishwa kwa sababu ya kipimo kimoja na mawingu ya Masisi, usimtafute mkubwa wa kumpigia rubani simu ili amlazimishe. Mlazimishaji hukaa Goma, na rubani anaingia winguni peke yake na watoto wetu nyuma yake. Na unapopeleka unga, makala au madini, gunia lako lifunge vizuri, ulitie ndani ya mfuko wa plastiki, vumbi lisitoke. Chujio la ndege linavuta hewa ile ile unayoivuta wewe.

Hayo ndiyo ya leo. Wiki ijayo, kama mambo yatakuwa salama, tutazungumzia kipimo cha urefu, na kwa nini ndege inayotoka Goma inaweza kudhani iko juu ya mlima huku mlima uko juu yake. Mafundi na marubani mnaotusikiliza, mwenye la kuongeza alete.